Ukiomba nafasi ya uongozi wa maabara, anza na Garissa

Mwishoni mwa 2006 mafuriko yalikata barabara za Garissa, na homa ya Bonde la Ufa ikaua watu na mifugo. Sampuli za damu zilipimwa KEMRI, Nairobi. Ugonjwa ukathibitishwa Desemba, kisha ukafika hadi huku kwetu Kilifi. Kenya ilipoteza zaidi ya watu 150.

Tangu 2004 Wizara ya Afya ina mafunzo ya FELTP, ya miaka miwili, yenye upande wa maabara. Mwanamaabara unayeomba nafasi kama hiyo, usiorodheshe vyeti tu. Taja kasoro moja kazini kwako: sampuli hungoja siku ngapi kabla ya kusafirishwa, na utapunguzaje. Barua ya mwajiri iombe mapema. Kiongozi hujulikana kwa tatizo alilolishika.