JE, MTOTO WAKO ANAJUA UNACHOFIKIRI?

Mjaribu mwanao hivi. Mama anaweka karanga ndani ya chungu, anakifunika, kisha anakwenda kisimani. Huku nyuma, wewe na mtoto zitoeni, mzifiche ndani ya kibuyu. Sasa muulize: "Mama akirudi, atazitafuta wapi kwanza?"

Mtoto wa miaka 3 mara nyingi hujibu: "Kwenye kibuyu." Usimcheke. Yeye anajua zilipo, basi anadhani na mama anajua. Mtoto wa miaka 5 kwa kawaida husema: "Kwenye chungu."

Mwaka 1991 wataalamu Avis na Harris walieleza jaribio kama hili kwa watoto wa Wabaka, watu wa msituni nchini Kameruni. Huko zilifichwa kokwa za maembe. Wengi wa watoto wenye umri wa miaka 5 hivi walijibu sawasawa.

Huyu mdogo huweza kuja analia asikueleze kilichompata. Anadhani umekwisha jua! Kabla ya kushika fimbo, muulize.

Jioni mnapomenya karanga, zungumza naye: "Babu alidhani mbuzi wako zizini, kumbe wamo katika mtama wa jirani." Mazungumzo ya namna hii humsaidia kufahamu mapema mawazo ya wengine.