Anayekuuguza Hahitaji PIN Yako

Unajua ile hali: dawa za presha zimeisha, mgonjwa hawezi kutoka kitandani, basi anampa jirani simu pamoja na PIN.

Ruiru na Thika, majirani wanabeba mengi. Mmoja anamsindikiza mgonjwa wa figo kusafishwa damu, kawaida mara mbili au tatu kwa wiki. Mwingine anachukua dawa Thika Level 5. CHP wa mtaa anapita kupima presha na sukari kwa mashine ambazo serikali ilianza kuwagawia mwaka 2023.

Jirani yako ni mwaminifu, sawa. Lakini wakishika simu watu watatu na pesa ipungue, nani ataulizwa? Watu wataanza kulaumiana, na wakikosana, mgonjwa ndiye anabaki bila wa kumsindikiza.

Fanyeni hivi:

1. Aliye dukani atume nambari ya malipo ya duka la dawa. Mgonjwa alipe mwenyewe akiwa kitandani, akiangalia jina kwanza.
2. Akizidiwa, mtu wa familia alipe kwa laini yake, hata akiwa mbali.
3. Mchango wa kikundi usikae kwa laini ya mtu mmoja. Fungueni akaunti ya kikundi, watu wawili waidhinishe kila malipo.
4. Msifute meseji za malipo. Hizo ndizo risiti zenu.

Na ukipigiwa simu ukaulizwa PIN, hata kwa jina letu, kata. Sisi hatuiulizi kamwe.