Tindikali: Ukali Wake ni Upi?

Katika Kiswahili maneno asidi na tindikali hutumika kwa maana moja. Hata hivyo, kwa watu wengi tindikali ni kile kioevu cha betri ya gari kinachotoboa nguo na kuunguza ngozi. Ndiyo maana mwanafunzi hushangaa aambiwapo kwamba ndimu, ukwaju na maziwa ya mgando navyo vina tindikali.

Mkemia haitambui asidi kwa kuunguza kwake. Mwaka 1923 Johannes Brønsted wa Denmark na Thomas Lowry wa Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kwamba asidi ni kitu kitoacho protoni, yaani ayoni ya haidrojeni, na kukipa kitu kingine. Siki hufanya hivyo, na kioevu cha betri hufanya hivyo pia.

Utata mkubwa umo katika neno kali. Pilipili twaiita kali, na chai iliyojaa majani twaiita kali. Katika kemia, asidi kali ni ile ambayo molekuli zake karibu zote hutoa protoni ziingiapo katika maji, kama asidi ya haidrokloriki. Asidi dhaifu hutoa chache tu. Katika mmumunyo wenye moli 1 ya asidi ya asetiki, ile ya siki, kwa kila lita, ni molekuli kama 4 tu kati ya 1,000 zitoazo protoni.

Wingi wa asidi ndani ya maji ni jambo jingine. Huko ni kukolea, na kinyume chake ni kuzimuliwa. Basi asidi kali yaweza kuzimuliwa, na asidi dhaifu yaweza kukolea.

Kuchanganya maana hizi si kosa la lugha tu. Asidi ya asetiki iliyokolea huunguza ngozi, ingawa ni dhaifu. Asidi ya haidrofloriki nayo ni dhaifu, lakini hupenya ngozi, hunasa kalsiamu ya mwili, na yaweza kuua. Adhaniye kwamba dhaifu maana yake ni salama hujitia hatarini.

Kwa hiyo kila chupa ya maabara iandikwe jina la asidi pamoja na kadiri ya kukolea kwake. Na azimuapo asidi ya salfuriki, mwanafunzi aimimine asidi katika maji, kidogo kidogo, huku akikoroga. Asimimine kamwe maji katika asidi, kwani joto litokealo laweza kuyachemsha maji ghafula na kuirusha asidi usoni.