Mikono Miwili ya Kahawa

Kila mkulima wa kahawa wa Mbinga ameliona jambo hili: kahawa mbivu ikimenywa asubuhi, maganda yake ni mekundu, jioni yamekuwa ya hudhurungi, na baadaye meusi. Si uchafu huo. Ni hewa imekutana na kitu kilichomo ndani ya tunda.

Kitu hicho ni cha ukoo wa fenoli. Kila fenoli ina pete ya chembe sita za kaboni, na kwenye pete umeshikizwa mkono wa oksijeni na haidrojeni. Mafuta yakikaa hewani hutokea humo vipande vyenye njaa, vinavyomnyang'anya jirani haidrojeni. Naye jirani humnyang'anya mwingine, mpaka mafuta yanaharibika. Usipa wa Ziwa Nyasa waliokaa sana hupata harufu yao kali kwa njia hiyo. Fenoli huukata ugomvi: hutoa haidrojeni yake, na upungufu unaobaki huenea katika pete nzima, usilete njaa mpya.

Lakini fenoli zote si sawa. Yenye mkono mmoja tu kwa kawaida ni dhaifu. Yenye miwili iliyokaa jirani, kama asidi ya klorojeniki ya kahawa, ina nguvu zaidi, maana mkono wa kwanza ukishatoa, wa pili huutuliza, kisha nao waweza kutoa. Mikono ileile ikirukana nafasi moja katika pete, msaada huo hupungua sana.

Wako wauzaji wanaosema kwamba kitu chenye nguvu hiyo ni dawa ya kila ugonjwa. Tusidanganyike, kulinda mafuta ndani ya chupa si kuponya mtu.

Na akina mama wasikilize hapa. Mikono miwili jirani hukamata chuma kama koleo, na chuma ndicho kinachojenga damu. Mwaka 1983 wataalamu wa Marekani walipima: kikombe cha kahawa pamoja na chakula kilipunguza chuma kinachoingia mwilini kwa asilimia 39, na chai kwa asilimia 64. Kahawa iliyonywewa saa moja kabla ya kula haikuzuia kitu. Iliyonywewa saa moja baadaye ilizuia sawa na ile ya mezani. Basi mama mjamzito anayependa kahawa yake heri ainywe mapema, kabla ugali na maharage havijaiva. Wakati wa kula, yeye na watoto wale pera bivu: vitamini C yake husaidia chuma cha maharage kuingia mwilini.