Kumchagulia Klarineti Mwanafunzi Anayeanza

Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Maneno hayo ni ya kweli shambani, lakini katika mambo ya muziki yatupasa kuyatumia kwa uangalifu. Jembe bovu humchosha mkulima, walakini hulima. Klarineti mbovu haimpi mwanafunzi hata nafasi ya kujua kama aweza kupiga au hawezi. Hupuliza mpaka mashavu yakamuuma, sauti isitoke, na mwisho hujihesabu kuwa mjinga, kumbe kosa ni la ala wala si lake.

Twaijua shule moja ambayo wazazi walichanga fedha mwaka mzima, wakanunua klarineti tatu kwa ajili ya bendi ya watoto. Zilifika zimeng'aa kama vyombo vya arusi, tena kwa bei nafuu sana. Kabla ya mwaka kwisha vibonyezo vya mbili kati yake vilikuwa vimepinda, na fundi alipoviona akasema madini yake ni laini mno, kila akivinyosha vitapinda tena. Fedha ikapotea, na wazazi hawakukubali kuchanga mara ya pili. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu, hasa walimu na wazee wa kamati za shule, mambo yanayopasa kutazamwa kabla ya kutoa fedha.

Klarineti ni ala ya kupuliza. Watu wa pwani wataielewa upesi wakikumbuka zumari, kwa maana zote mbili hulia kwa nguvu ya utete unaotikisika mdomoni. Klarineti ina utete mmoja tu, uliofungwa kwa pete juu ya kinywa cha kupulizia. Ala nzima ina sehemu tano: kinywa, kipipa kifupi, kiungo cha juu, kiungo cha chini, na mdomo uliotanuka mwishoni. Ikiisha kuungwa, ile ya kawaida ina urefu wa sentimeta 66 hivi. Asili yake ni Ujerumani. Fundi Johann Christoph Denner wa mji wa Nuremberg ndiye anayetajwa kuwa aliitengeneza, karibu na mwaka 1700, kutokana na ala ndogo iliyokuwapo zamani.

Jambo la kwanza la kuchagua ni aina. Ziko klarineti nyingi, ndogo na kubwa, lakini mwanafunzi na aanze na ile ya B-flati. Vitabu vingi vya mafunzo vimeandikwa kwa ajili yake, na katika bendi ndiyo yenye kazi nyingi. Iko nyingine inayofanana nayo sana, ya sauti ya A, iliyozidi urefu kwa sentimeta chache tu. Hiyo ni ya wapigaji wa okestra, wala haimfai mtoto wa bendi. Wauzaji wa vitu vya mnada huzichanganya mara nyingi, kwa hiyo tazama herufi iliyopigwa mhuri juu ya mti wenyewe.

Hapa mwalimu anayepiga kinanda cha kanisani yampasa ajue neno moja. Mpigaji wa klarineti ya B-flati akisoma noti ya C, sauti inayosikika ni B-flati ya kinanda, yaani imeshuka kwa hatua moja nzima. Basi wakisoma wote wawili katika kitabu kimoja cha nyimbo, sauti zitagombana, na mtoto ataambiwa kuwa hana sikio. Dawa yake ni kumwandikia mtoto noti zake hatua moja juu.

Jambo la pili ni mpango wa vibonyezo. Mwaka 1839 mpigaji Hyacinthe Klosé na fundi Buffet walionyesha mjini Paris klarineti yenye mpango mpya, ambao leo huitwa kwa jina la Boehm, fundi wa filimbi aliyewapa wazo. Una vibonyezo 17 na pete 6, na ndio unaotumika sehemu nyingi za dunia, ijapokuwa Wajerumani na Waaustria wana mpango wao. Zipo pia klarineti za kizamani zenye vibonyezo vichache, ambazo hutokea katika makasha ya zawadi au katika stoo za bendi za kale. Alama ya kuzitambua ni nyepesi. Tazama chini kwa kidole kidogo cha mkono wa kulia: mpango wa Boehm una vibonyezo vinne hapo, na ule wa kizamani kwa kawaida una viwili tu. Mtoto akianza na wa kizamani hatapata kitabu cha kumfaa wala mwenzi wa kumwiga, na siku akipata ala mpya itambidi avifundishe vidole vyake upya.

Tena, ukiona ala ya zamani iliyopigwa mhuri wa herufi HP, iache. Maana yake ni kwamba ilitengenezwa kwa kipimo cha sauti cha juu kilichotumiwa zamani katika bendi za Uingereza. Haiwezi kupatana na ala za sasa, wala hapana fundi atakayeirekebisha ikafaa.

Jambo la tatu, ambalo huulizwa zaidi, ni kama inunuliwe ya mti au ya plastiki. Wengi wetu hatujui ya kuwa mti huo ni mpingo wetu wenyewe, ule ule unaochongwa vinyago na Wamakonde. Klarineti bora za Ulaya hutengenezwa kwa mpingo, na mwingi hutoka Tanzania na Msumbiji. Mti huu ni mzito hata huzama majini, ni mgumu, na hukubali kutobolewa kwa usahihi mkubwa. Mwaka 2009 vijiji vya Wilaya ya Kilwa vilipata hati ya FSC, inayoshuhudia kuwa misitu yao hutunzwa na kuvunwa kwa utaratibu, na mapato ya magogo yakawa ya kijiji. Ni jambo la fahari, nasi twatamani kila msomaji alijue.

Walakini fahari ni kitu kimoja na mahitaji ya mtoto ni kitu kingine. Klarineti ya mti ni ghali kuliko ya plastiki. Tena mti huvimba kwa unyevu na kusinyaa kwa ukavu. Ukitoka katika hewa nzito ya pwani ukapelekwa bara wakati wa kiangazi, waweza kupasuka. Ikiwa mpya yataka kuzoezwa polepole, dakika 15 au 20 kwa siku katika majuma ya kwanza. Plastiki haina mashaka hayo. Haipasuki kwa hali ya hewa, huoshwa kwa wepesi, na sauti yake yamtosha kabisa anayeanza. Kwa hiyo shauri letu ni hili: mwanafunzi wa kwanza na apewe ya plastiki iliyotengenezwa na watu wanaojulikana kwa kazi hiyo, kama vile Yamaha wa Japani au Buffet Crampon wa Ufaransa, iwe mpya au iliyotumika. Akiisha kupiga miaka mitatu au minne, na akiwa bado ana hamu, ndipo ya mpingo ifikiriwe.

Sasa jihadharini na zile za bei ya kutupa, zisizo na jina la fundi, au zenye jina lisilojulikana na mtengenezaji yeyote. Nyingine hupakwa rangi nyekundu au buluu ili zivutie macho ya watoto. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kabla ya kununua, mwulize fundi wa karibu kama atakubali kuitengeneza ikiharibika. Akikataa, nawe kataa. Ala iliyotumika ya mtengenezaji mwema, iliyopitia mikononi mwa fundi, ni bora kuliko mpya isiyotengenezeka.

Lakini ala iliyotumika haina budi kupimwa. Kwanza, ichukue juani uitazame mti wake, hasa kipipa na kiungo cha juu, kwa kuwa huko ndiko ufa huanza. Pili, unga sehemu zake zote. Zikilegea na kuchezacheza, koki za viungo zimekwisha, nazo hubadilishwa kwa gharama ndogo. Tatu, bonyeza kila kibonyezo: kirudi upesi chenyewe, kisilegee, kisigongane na jirani yake. Nne, tazama chini ya vifuniko. Kila kimoja kina kipande laini cha kuziba tundu; kikiwa kimechanika au kimeliwa na wadudu, pumzi itavuja.

Tano, pima pumzi, na kipimo hiki chashinda vyote. Chukua kiungo cha juu peke yake. Ziba matundu yake kwa vidole, ziba mwisho wa chini kwa kiganja, kisha vuta pumzi kwa mdomo katika mwisho wa juu. Ikiwa kiungo ni kizima, kiganja kitanaswa kama kilichonyonywa, na ukikiondoa utasikia mlio mdogo. Ikiwa hewa yaingia mara moja, kiungo chavuja. Fanya vivyo hivyo kwa kiungo cha chini, ila hapo ubonyeze pia vibonyezo vya vidole vidogo ili vifuniko vilivyo wazi vifunge. Hata asiyejua noti moja aweza kufanya kipimo hiki sokoni, na muuzaji mwaminifu hatachukia.

Watu husahau kuwa kinywa cha kupulizia hupita mwili wa ala kwa umuhimu. Ncha yake ikiwa imevunjika hata kidogo, sauti itapiga kelele kama mlango mkavu. Kinywa kizuri chaweza kununuliwa peke yake, na hugeuza ala ya kawaida ikawa nzuri. Na tete zichaguliwe kwa namba. Ngumu sana humchosha mtoto. Namba 2 au 2½ zamfaa anayeanza. Zinunuliwe kwa kasha, si moja moja, kwa maana utete ni kitu kinachokwisha. Mtoto na awe na tatu au nne za kubadilishana, na ule uliochanika ncha utupwe bila huruma.

Yafaa pia kumtazama mtoto mwenyewe. Matundu ya klarineti huzibwa kwa nyama ya vidole, wala si kwa vifuniko tu, na uzito wote huangukia kidole gumba cha kulia. Kwa hiyo mtoto awe na vidole vya kufikia na kuziba kila tundu, na meno yake ya mbele yawe yamekwisha kuota ya utu uzima. Wengi huwa tayari wakiwa na umri wa miaka 9 au 10. Aliye mdogo zaidi na aanze na filimbi, asubiri.

Mwisho, ala ikiisha kununuliwa itunzwe. Baada ya kupiga, ndani ifutwe kwa kitambaa kikavu, utete uondolewe, koki zipakwe mafuta yake, na ala ilazwe ndani ya sanduku, si juani wala juu ya meza ambapo ndama au mtoto ataiangusha. Shule na iandike katika daftari ni nani aliyeichukua na siku gani aliirudisha, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Wazee wa kamati, msione haya kumwita mpigaji wa bendi ya polisi au ya kanisa aje kuijaribu ala kabla hamjatoa fedha. Kuuliza si ujinga. Nauli yake ya siku moja ni ndogo kuliko hasara ya mchango wa mwaka mzima, na mtoto atakayepewa ala nzima atajulikana upesi kama ana kipaji, pasipo kusingiziwa makosa yasiyo yake.