Loughwood: Kanisa la Wabaptisti Lililojengwa Mafichoni

Loughwood ni nyumba ndogo ya ibada ya Wabaptisti katika mashamba ya Dalwood, karibu na mji wa Axminster, jimboni Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Ni miongoni mwa majengo ya kale zaidi ya dhehebu hilo yaliyosalia, na umbo lake limetokana na mambo mawili: imani ya waliolijenga na hatari iliyowazunguka.

Wabaptisti walianza kama kundi dogo la Waingereza waliokimbilia Amsterdam, ambako John Smyth alianza kubatiza watu wazima mwaka 1609. Mwenzake, Thomas Helwys, alirejea nyumbani na kuanzisha kanisa lao la kwanza la Uingereza jijini London, yapata mwaka 1612. Walifundisha kwamba ubatizo ni wa mtu aliyekwisha kuamini, na kwamba serikali haina mamlaka juu ya dhamiri. Mafundisho hayo yaliwagonganisha na Kanisa la Anglikana, kanisa rasmi la nchi.

Kusanyiko la Loughwood, ambalo waumini wake walitoka hasa kijiji cha Kilmington, lilikuwapo tayari mwaka 1653. Uingereza haikuwa na mfalme wakati huo, na madhehebu madogo yalipata nafuu. Enzi ya kifalme iliporudishwa chini ya Charles II mwaka 1660, nafuu hiyo ilikwisha. Sheria ya mwaka 1664 iliwakataza watu watano au zaidi, mbali na watu wa nyumba hiyo, kukusanyika kwa ibada isiyo ya Kianglikana. Aliyekamatwa alitozwa faini au kufungwa, na aliyerudia kosa mara ya tatu aliweza kuhamishiwa ng'ambo. Kwa hiyo mteremko wenye miti ambapo Loughwood ilijengwa, mbali na njia za watu wengi, ulikuwa kinga ya kweli.

Kwa nje, jengo halina mnara wala kengele. Kuta zake ni za mawe na paa limeezekwa kwa nyasi, hivyo mpita njia angeweza kulidhania nyumba ya mkulima.

Sehemu kubwa ya samani za ndani ni ya mwanzoni mwa karne ya 18, baada ya sheria ya mwaka 1689 kuwaruhusu Wabaptisti kuabudu hadharani. Kuta na dari iliyopinda zimepakwa rangi nyeupe, wala hakuna sanamu. Mimbari ya mbao imeinuliwa mahali pa kuonekana na wote, kwa kuwa mahubiri ndiyo kiini cha ibada yao. Familia ziliketi katika vizimba vya mbao vyenye milango, na upande mwingine iko roshani ya wanamuziki.

Chini ya mbao za sakafu limefichwa birika la ubatizo. Mbao hizo ziliondolewa na birika kujazwa maji, kisha muumini alizamishwa mwili mzima. Makanisa ya Kianglikana ya enzi hiyo yalitumia bakuli la jiwe kwa watoto wachanga. Hapa sakafu yenyewe ilibeba fundisho lililowatenganisha.

Shirika la hifadhi la National Trust lilichukua jengo hilo mwaka 1969, na wageni huruhusiwa kulitembelea.