Je, Wajua? Fedha ya soksi yaweza kupunguza samaki ziwani
Chembe za fedha, ndogo kuliko bakteria, hutiwa kwenye baadhi ya soksi ziue vijidudu vya harufu. Soksi zikifuliwa, baadhi ya chembe hizo huponyoka na maji. Watetezi husema salfa iliyomo kwenye maji taka huifunga fedha hiyo na kupunguza sumu yake. Ni kweli, lakini kupunguza si kumaliza. Mwaka 2014 na 2015, watafiti nchini Kanada walitia chembe za fedha katika Ziwa 222, Ontario, kwa viwango vya mikrogramu tu kwa lita. Samaki wa manjano waitwao pechi walipunguza kula, na idadi yao ikashuka. Samaki paiki wanaowawinda wakakutwa na fedha kwenye ini. Anayesubiri mizoga ielee ndipo aamini, basi, anapima kitu kisichohusika.